Mzee Aliyetoka Ziwani Kuniomba Moto

Atakayecheka na acheke. Mimi siku ile sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu miwili kwenye maegesho ya magari pale Berea, mjini Durban, Afrika Kusini, jua ndiyo kwanza linazama, watu wanatoka kazini, taxi zinapiga honi kama kawaida yake. Visa vya wengine huanzia makaburini, saa ambazo hata mbwa wamelala. Changu kilianzia mbele ya duka la dawa, watu wanapita na mikate kwapani.

Sikusoma sana. Vita vilinitoa shuleni kabla sijamaliza ya msingi, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Na majina nitayataja. Watu wa kanisani wameniambia, ndugu, majina uyaache, Mungu anayajua. Sawa, Mungu anayajua, lakini wewe unayesoma huyajui. Basi yashike: Deo, mtoto wa shangazi yangu. Na Mathias, katibu wa chifu. Wa tatu ni mwenye pesa aliyenunua kwetu, huyo jina lake sikulipata. Ningelipata lingekuwa hapa.

Kwanza nikueleze kwetu, la sivyo hutaelewa kwa nini kaa moja la moto limeniharibia maisha.

Kwetu ni Chirunga, kisiwa kidogo ndani ya ziwa Kivu, upande wa Kongo. Kwenye ramani ya simu hukioni, unaona maji tu. Nimekitafuta mara nyingi nikiwa kazini, navuta ramani kwa vidole mpaka betri inakata, maji tu. Lakini kipo. Ukikizunguka kwa miguu asubuhi, unarudi ulikoanzia kabla maharage hayajaiva.

Zamani hakikuwa na mtu. Palikuwa na matete, ndege na fisi maji. Wa kwanza kukaa pale alikuwa Kalimba, babu wa baba yangu. Alitoka bara akikimbia ugomvi wa wakubwa, akavuka na mke wake na chungu cha majivu, ndani ya majivu mna kaa la moto. Alipofika akapanga mafiga matatu, akawasha. Hiyo ndiyo ilikuwa hati yake. Karatasi hakuna, muhuri hakuna. Waliokuja baadaye walisimamisha mtumbwi majini, hawakanyagi nchi kavu, wakaita: tunaomba moto! Kalimba anashuka na kaa, anauliza: moto huu ni wa nani? Wanajibu: ni wa Kalimba. Basi, anawapa, anawaonyesha pa kulima, wanakuwa watu wa kisiwa. Na wao siku wakimpa moto mgeni mwingine, wanauliza vile vile, na yule anajibu vile vile, hata baada ya Kalimba mwenyewe kufa.

Kwa hiyo kwetu ardhi ilikuwa inasomwa jikoni. Watu wawili wakigombea mpaka, wazee hawaulizi una karatasi gani. Wanauliza: moto wa nyumba yako ulitoka kwa nani? Na wa huyo aliyekupa? Wanarudi hivyo hivyo, jiko kwa jiko, mpaka wafike kwa Kalimba, na njiani mwongo anajulikana. Wazungu walikuja na kamba zao, wakapima, wakaondoka. Kamba zilioza. Mafiga yakabaki.

Mwenye jiko akisafiri, anamwachia mtu. Huyo mtu anakula mashamba, analala ndani ya nyumba, lakini kuna neno moja hasemi: wangu. Akisema moto ni wangu, amejikata. Na kama moto wa jiko la Kalimba lenyewe ukizimika, mtu wa damu yake anaweza kuurudisha, kutoka popote alipo, mradi autoe kwa mkono wake na aseme ni wa nani. Asiposema, au akisema vingine, imekwisha. Jiko lile linakuwa mawe tu, na nyumba zote zilizochukua moto pale zinakosa pa kushikia.

Mtoto wa Chirunga anayajua hayo kabla hajajua kuhesabu. Mimi niliyajua. Kumbuka hilo unaposoma.

Vita vilipofika kisiwani, baba na kaka zangu waliuawa ufuoni. Tulibaki mimi na mama. Kabla hatujaondoka, mama alimwita Deo. Huyu Deo alikuja kwetu hana shati la pili, mama ndiye aliyemlisha mpaka akaota ndevu. Mama alichukua kaa kwenye mafiga yetu, yale yale ya Kalimba, akamwonyesha mbele ya majirani, akamuuliza: moto huu ni wa nani? Deo akajibu kwa sauti, wa Kalimba, na akalia. Machozi kabisa! Niliyaona. Tukapanda mtumbwi tukiamini tumeacha nyumba mkononi mwa mtu.

Njia ya kufika Durban sitaisimulia. Kila Mkongo wa Albert Park, mtaa wetu hapa, anayo ya kwake na zote zinafanana.

Hapa nilifungua saluni ndogo ya kunyoa. Ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Mpaka ile siku watu walipoingia barabarani kufukuza wageni. Walioingia kwangu, baadhi niliwajua. Mmoja ni Sbu, nilikuwa nimetoka kumnyoa kwa ajili ya harusi ya dada yake, tukacheka, akaniita brother. Nimtaje naye, kwa nini nisimtaje? Sbu alinishika kola akaniuliza kwa Kizulu kama mtu asiyenijua: Uvela kuphi? Unatoka wapi? Nikasema ukweli, Kongo. Sijamaliza neno, chuma kikatua juu ya sikio langu. Nilipoamka sikuwa na saluni. Hata vioo walibeba.

Tangu hapo, mtu akiniuliza natoka wapi, mdomo wangu hujibu wenyewe kabla sijafikiri: Ngivela khona lapha. Natoka hapa hapa. Mdomo uliofundishwa kwa chuma, unadhani unasahau?

Baada ya saluni ndiyo nikaingia kazi ya kulinda magari. Unavaa kizibao cha rangi ya chungwa, unamwonyesha mwenye gari pa kuegesha, akirudi anakupa kitu au hakupi. Mwenzangu pale alikuwa Hamisi, Mtanzania wa Tanga, mtu wa maneno. Mwenye gari akituaga kwa tabasamu tu, Hamisi ananigeukia:

"Haya Mkongo, kanunue unga na hilo tabasamu. Mwambie muuza duka akurudishie chenji ya meno."

Hamisi alinisaidia sana. Nitamtaja kwa wema, kwa sababu si watu wote ni Deo.

Mama tulikaa naye Albert Park, chumba kimoja tumekigawanya kwa pazia na familia nyingine. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alikuwa na ombi moja tu duniani: akifa arudishwe Chirunga, alazwe nyuma ya nyumba, pembeni ya baba. Nilikuwa najiandaa kwa hilo. Kila jioni aliniuliza kabla hajaniuliza kama nimekula:

"Jiko inawaka?"

"Inawaka, mama. Deo ametuma video."

Namwekea simu karibu na macho. Mafiga, moto, sufuria, sauti ya Deo inasema, mama mkubwa, tuko salama, nyumba inakungoja. Mama anaitikia kwa kichwa, anaridhika, ndipo anakula. Hiyo ilikuwa dawa yake.

Sasa jioni yenyewe.

Ilikuwa baridi ya Juni, ile ya upepo unaopanda kutoka baharini unakuingia shingoni. Wiki ile kulikuwa na maneno tena kwenye simu za watu, kwamba kutakuwa na maandamano ya kufukuza wageni. Akina mama walikuwa wanawaambia watoto, ndani ya taxi hakuna Kiswahili, hakuna Kifaransa, nyamazeni. Mimi na Hamisi tulikuwa na mbawula yetu, ndoo ya chuma iliyotobolewa matundu, tunachoma makaa ndani tupate joto. Jua lilipozama Hamisi akaenda kuswali.

"Linda magari yako na yangu," akaniambia, "na usimwache mtu akaiba moto wangu, Mkongo, nimeuwasha kwa shida."

Nikabaki peke yangu. Nimenyoosha mikono juu ya mbawula. Nikasikia harufu. Niamini, harufu ndiyo ilifika kwanza. Si harufu ya bahari, bahari ya Durban ina chumvi na mafuta ya meli. Hii ilikuwa harufu ya tope tamu, ya matete yaliyooza, ya maji ya ziwa. Sijaisikia tangu tuondoke. Nikageuka.

Mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa mbawula. Mfupi, mweusi tii, amefunga kitambaa kimoja begani, miguu mitupu, ameloa kuanzia kiunoni kwenda chini. Maji yanamtiririka yanafanya kidimbwi kwenye lami. Upepo ule na hatetemeki. Nikadhani ni mmoja wa wale wanaolala barabarani, wako wengi, wanakuja kuomba moto wa kuwashia uchafu wao wa kuvuta. Nikataka kumwambia, mkhulu, hamba, nenda zako mzee. Lakini alinyoosha mikono miwili pamoja, ameshika kigae cha chungu kilichovunjika, ndani yake majivu.

Akasema, "Mwanangu, naomba moto."

Hakusema Kizulu. Hakusema Kiswahili pia. Alisema lugha yetu ya kisiwani, tena ile ya zamani, ambayo Durban nzima anayo mama yangu peke yake. Mimi hapa naandika Kiswahili ili nawe uelewe.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ungekimbia? Mimi sikukimbia. Mikono yangu ilifanya kama ilivyofundishwa utotoni. Nikachukua vijiti viwili, nikachagua kaa zuri, jekundu mpaka ndani, nikaliweka kwenye kigae chake, nikalifunika kwa majivu. Kidole chake kikagusa kiganja changu. Kilikuwa baridi kama samaki anayetolewa majini. Nikainua macho. Nikaona paji la uso la baba yangu. Nikaona masikio ya kaka zangu waliokufa. Hakuna aliyenitajia jina lake, lakini jina lilinijia kooni.

Hapo hapo wakatokea vijana wawili, wanatoka upande wa barabara, wanaongea kwa nguvu, mmoja ana fimbo mkononi. Wakasimama karibu, wakaegemea gari. Naona kwa pembe ya jicho kwamba wanaangalia upande wetu.

Na mzee, kama anayejua muda wake ni mfupi, akauliza kwa sauti ya juu, sauti ya mtu anayeita kutoka kwenye maji:

"Moto huu ni wa nani? Umetoka wapi?"

Nasema kweli, jibu lilikuwa kwenye ulimi. Maneno machache, mtoto wa miaka minne wa Chirunga anayajua. Lakini masikio yangu yalisikia kitu kimoja tu: umetoka wapi. Na fimbo ile niliiona. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukajibu kwa Kizulu, kwa sauti, ili vijana wasikie:

"Owami. Ngivela khona lapha."

Wangu. Mimi natoka hapa hapa.

Wale vijana hawakushtuka hata kidogo. Hawakuwa wakinisikiliza. Mmoja alisema "Eish, mfethu, kuyabanda", baridi kali ndugu yangu, wakavuka kwenda kununua chipsi. Fimbo haikuwa fimbo ya kumpiga mtu, ulikuwa mpini wa ufagio, niliuona ulipopita chini ya taa. Chipsi! Walikuwa wanakwenda kununua chipsi.

Mzee hakukasirika. Angekasirika ningelala vizuri leo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemwita barabarani kwa nyuma ukidhani unamjua, akageuka, ukakuta siye. Akainama polepole, akalitoa kaa kwenye kigae, akaliweka chini kwenye lami, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Lilizimika bila moshi.

"Basi nisamehe," akasema. "Nimekosea nyumba."

Akaondoka. Nikaita, Kalimba! Babu! Sasa ndiyo lugha ikanijia, sasa ambapo haina kazi. Hakugeuka. Alipita kati ya bakkie nyeupe, pikapu iliyoegeshwa pale, na ukuta, na nilipofika pale hapakuwa na mtu wala mlango wala uchochoro. Ukuta mtupu.

Hamisi aliporudi alinikuta nimepiga magoti nimeshika kaa lililozimika.

"We vipi? Umeangusha nini?"

"Umekutana na mzee?"

"Mzee gani? Nimekuona toka pale robot, kwenye taa za barabarani, ulikuwa unaongea na ndoo peke yako. Nikasema huyu Mkongo leo kaanza." Kisha akatazama chini. Palikuwa na nyayo za maji, vidole vipana vimeachana, zinaanzia kwenye mbawula na kuishia ukutani. Hamisi akachuchumaa, akagusa, akanusa. Ni mtoto wa Tanga, bahari anaijua. Akasema kwa sauti ndogo, "Haya si maji ya huku." Hakufanya mzaha tena jioni ile yote.

Nikampigia Deo. Akapokea haraka, mchangamfu, ananiita yaya, yaani kaka.

"Yaya! Habari ya Durban?"

"Jiko inawaka?"

"Inawaka, yaya! Yangu macho iko hapa kwa moto. Ngoja nikutumie."

Video ikaja. Mafiga, moto, sufuria. Nyuma ya moto akapita kuku mweupe anayechechemea. Nikaiangalia tena. Nikafungua ya jana. Kuku mweupe anachechemea. Nikafungua ya wiki iliyopita, nikafungua ya mwezi uliopita. Kuku yule yule, anatokea kushoto, anasimama, anadonoa, anapita. Jioni zote hizo mama yangu alikuwa anabembelezwa na kuku mmoja.

Nikampigia Mama Zawadi, jirani yetu wa kule, mjane, ambaye nyumba yake ilichukua moto kwetu enzi za babu yangu. Alipolisikia jina langu akaanza kulia.

"Hawakukuambia, mwanangu? Leo muchana wamevunja nyumba. Mathias alikuja na karatasi ya chifu, inasema Deo alikuta hapa ni pori, hakuna mwenyewe. Deo ameuzia mwenye pesa mmoja, wanataka kujenga hoteli ya watalii. Sisi tukamuuliza Deo mbele ya watu wote, moto hii ni ya nani? Akasema, ni yangu. Akachota ndoo ya maji ya ziwa, akamwaga kwa jiko. Na mikono yake mwenyewe."

Nikaketi chini kwenye lami.

"Na kingine," akasema. "Ninyi wa mbali mutasema tumechanganyikiwa. Jua ilipoingia tuliona mzee amesimama kwa maji, maji iko hapa kwa kiuno, ametupa mgongo. Ameshika kigae, haina kitu ndani. Tulimuita, hakugeuka. Tuliita sana."

Nilipanda ngazi za nyumbani kama mtu aliyebeba maiti. Mama alikuwa amekaa kitandani, ananingoja. Kabla hajauliza nikamweleza yote, kuanzia harufu. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Aliomba na mukono moja ao miwili?"

"Miwili, mama."

"Ni yeye." Akafunga macho. "Ametembea mbali hivyo. Miguu mitupu. Amekuja kwako kwa sababu hakuna mwingine." Kisha akauliza nililokuwa naliogopa. "Na wewe ulimujibu nini?"

"Nilimpa kaa la mbawula, mama. La hapa, la kununua dukani..."

"Moto ni moto tu. Nauliza ulimujibu nini."

Nikamwambia. Nilimtafsiria na Kizulu chenyewe, neno kwa neno. Owami. Wangu. Ni neno lile lile alilosema Deo, siku ile ile. Deo alilisema kwa tamaa, mimi nililisema kwa woga, lakini jiko linajua tofauti hiyo? Halijui.

 Mama akanyoosha mkono, akakitafuta kichwa changu gizani mwa macho yake, akapapasa juu ya sikio, pale chuma kilipotua. Akaacha kidole pale.

"Najua, mwanangu," akasema. "Najua ni nani alikufundisha hivyo."

Angenitukana! Mara ngapi nimetamani angenitukana.

Baadaye akasema, "Basi munizike hapa hapa." Na kuanzia kesho yake hakuuliza tena kuhusu jiko. Aliniuliza kama nimekula, kama mama wa mtu yeyote.

Hakuona mvua za mwaka ule. Hakuugua ugonjwa wenye jina, alikuwa tu anapungua, kama sabuni. Tulimzika hapa Durban. Akina mama wa kanisa walikuja na vitenge vyao, waliimba vizuri, Hamisi alishika sepetu ingawa si dini yake. Tulipomaliza, mtu wa makaburi alinivuta pembeni, akanieleza kwa upole kabisa, hana kosa lolote, kwamba ardhi ya makaburi mjini ni haba, hivyo baada ya miaka fulani mtu mwingine anaweza kulazwa juu yake. Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini? Kitukuu wa mtu aliyekuwa na kisiwa, na hata kimo cha mama yangu chini ya udongo nimeazimwa.

Nilitaka kuwasha moto mdogo pale kichwani pake, nitamke yale maneno, hata kama nimechelewa. Nikawasha kiberiti, kikazima. Kingine, kikazima. Upepo haukuwepo, nyasi zilikuwa zimesimama. Mpaka leo niko hivyo. Kiganja hiki alichokigusa kimebaki baridi na maji maji, kiangazi na masika, nikikusalimia utauvuta mkono wako haraka. Kliniki wameangalia, wamesema ni mawazo, wamenipa vidonge. Kiberiti hakiwaki mkononi mwangu, jiko la gesi anawasha jirani, mbawula anawasha Hamisi. Siku hizi hatanii. Anawasha tu, anasogea pembeni, ananipisha nafasi yenye joto.

Labda unangoja nikwambie Deo alipata wazimu, au radi ilimpiga Mathias. Wanaosimulia visa hupenda mwisho kama huo. Hapana. Deo amenenepa. Hoteli imejengwa, nimeona picha, ina vigae vyekundu na viti vya kulalia ufuoni, pale pale walipoangukia baba na kaka zangu. Watalii wanapiga picha jua likizama.

Wanaoumia ni wengine. Mwaka huu Mathias ameanza kwenda nyumba kwa nyumba na karatasi zake. Watu wakisema, moto wetu ulitoka kwa Kalimba, Mathias anacheka. Mama Zawadi alinipigia akiwa tayari amefunga mizigo, yuko ufuoni anangoja mtumbwi wa kumpeleka bara, uzee wote ule. Akanisimulia maneno ambayo Mathias alimwambia mlangoni: Kalimba gani? Kitukuu wake mwenyewe amesema yeye ni mtu wa Durban, na moto ni wake.

Mimi jambo lile nilimwambia mama, ambaye sasa amekufa, na Hamisi, ambaye hajui hata Chirunga iko wapi. Mpaka siku ile hakuna mwingine. Basi niambie wewe, Mathias alilisikia kwa nani?

Mama Zawadi aliniuliza, "Ni kweli ulisema vile?" Nikamjibu ni kweli. Akakata simu. Sijampata tena.

Kwa hiyo nakuonya wewe uliye ugenini kama mimi, wewe uliyewafundisha watoto wako kunyamaza ndani ya taxi, uliyebadilisha jina lako ili wateja wasiulize. Nakuelewa, sikulaumu, waliotufanya hivi wanajijua na nimewataja. Lakini mtu akikujia na miguu iliyoloa, akanyoosha mikono miwili, akakuuliza moto ni wa nani, usitazame nani amesimama nyuma yako. Mjibu. Mjibu kwa lugha aliyokuulizia, kwa sauti, hata kama barabara nzima inasikiliza. Wakikupiga, basi watakupiga. Mimi nilipigwa, na kichwa kilipona.